Ukitaka Kujitoa, Jitoe: Usimkimbizie Mwenzio Benki



Huku Riyadh na Jeddah wapo wanafunzi wenzetu wanaoandika majarida ya barua pepe kwa Kiswahili: nafasi za masomo, mambo ya iqama, kodi za vyumba. Unalipia kwa kadi, unakatwa kila mwezi mpaka uache. Mimi nasoma uzamili wa uhandisi hapa Riyadh, na nawasaidia wawili kati yao kushughulikia malalamiko ya malipo. Kwa kweli ninachokiona hakipendezi.

Mtu anasoma miezi mitatu, kisha akiona meseji kwamba riyali 15 zimekatwa, anapiga simu benki: "Siyatambui malipo haya." Benki inamrudishia yeye, muuzaji ananyang'anywa. Ndiyo chajibeki hiyo. Wengine wanadhani ni njia tu ya kujitoa. Sivyo. Ukisema huyajui malipo unayoyajua, umesema uongo, basi.

Hebu tupige hesabu. Kampuni ya Stripe, kwa mfano, humtoza muuzaji wa Marekani dola 15 kwa kila malipo yanayopingwa. Riyali imefungwa kwenye 3.75 kwa dola tangu 1986, kwa hiyo hizo ni riyali 56 na ushee. Kwa viwango hivyo, mteja mmoja wa riyali 15 anampotezea mwandishi riyali 71, karibu malipo ya miezi mitano. Mapingamizi yakizidi, akaunti yaweza kufungwa na jarida likafa.

Sikatai, haki hii ina maana yake. Sheria ya Marekani ya 1974 ilimpa mwenye kadi ya mkopo haki ya kupinga bili yenye makosa, na wezi wa mtandaoni wapo. Kadi ikiibwa, au ukikatwa baada ya kujitoa, nenda benki bila aibu. Ila kujuta ni jambo jingine. Sheria ya Saudia ya biashara ya mtandaoni ya 2019 inampa mnunuzi siku 7 za kughairi, lakini magazeti, majarida na vitabu havimo.

Na nyie waandishi msicheke! Wapo wanaoficha kitufe cha kujitoa kama dawa ya mganga, na jina linalotokea kwenye meseji ya benki halifanani kabisa na la jarida. Mteja afanyeje? Wekeni jina linalotambulika. Mkumbusheni mtu siku chache kabla ya kumkata. Akidai pesa yake, mrudishieni siku hiyo hiyo. Heri kupoteza 15 kuliko 71. Tena tunzeni risiti na barua zake, maana benki huamua kwa ushahidi, si kwa machozi.

Msimamo wangu ni huu: kwanza mwandikie mwenzio. Siku tatu zikipita kimya, hapo nenda benki. Majarida yetu ya Kiswahili huku ugenini ni machache mno, tusiyaue kwa uvivu wa kuandika barua moja.

Naomba kutoa hoja.