Kazi ya Leta: vijana wa Kasongo na Kabambare waanze na sheria yenyewe

Sheria nambari 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016 imeweka mtihani wa mashindano kuwa mlango wa kuingia kazi ya Leta. Lakini huko Kasongo na Kabambare kijana mwenye diploma anatafuta kwanza mkubwa wa kumsukuma, na sheria hiyo hajawahi kuifungua. Ni kosa. Sheria hiyo na Katiba ya 2006 zinasomeka hata kwenye simu. Watu watano wakutane jioni, wasome kurasa chache, kisha kila mmoja aandike ukurasa kwa Kifaransa bila kuchungulia, na mwenzake asahihishe. Kifaransa cha kuandika hakifundishwi kwa wiki moja.

Serikali nayo isijifiche: tangazo likibandikwa Kindu tu, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kasongo, mtu wa Kabambare atalisikia wakati orodha imekwisha kufungwa.