Furaha ya Idd isigeuke msiba

Kila Sikukuu inapokaribia, vijana wetu wa Karatu na Ngorongoro huanza kuulizana burudani itakuwa wapi. Gari la matangazo hupita mitaani likimtaja msanii atakayekuja na kiingilio cha watoto. Hukumu ya muziki wenyewe masheikh wetu wameieleza mara nyingi, nasi hatutairudia. Leo tunazungumzia uhai wa watoto, kwani wengi wao huenda huko, tukijua au tusijue.

Tukumbuke Tabora. Siku ya Idd el-Fitr, Oktoba 1, 2008, watoto wapatao 20 walipoteza maisha katika ukumbi wa disko mjini humo. Walijazana kupita kiasi, wakakosa hewa na kukanyagana. Wazazi waliokuwa wakisherehekea Idd wakajikuta wakiandaa maziko. Na usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, watu wasiopungua tisa, wakiwemo watoto, walikufa jijini Kampala walipobanana katika njia nyembamba kwenye tamasha la mwaka mpya.

Wengi wetu hudhani kinachoua katika umati ni miguu ya wanaokimbia. Mara nyingi huwa ni kubanwa. Watu wakishikana mabega kwa mabega, kifua hakina nafasi ya kutanuka, na mtu hufa kwa kukosa pumzi hali amesimama. Mtoto mfupi hutangulia kuzidiwa. Huku kwetu tuna hatari ya ziada: baridi ya usiku. Madirisha hufungwa, mlango wa pili hutiwa komeo ili asiingie asiyelipa, na ukumbi hubaki na tundu moja la kuingilia na kutokea.

Basi mzazi, usimpe mtoto fedha ya kiingilio kabla hujauliza maswali. Ukumbi una milango mingapi, nayo itakuwa wazi? Nani anahesabu wanaoingia? Mtu mzima gani atakuwa naye? Ukikosa majibu, mtafutie furaha nyingine. Watoto wadogo wasiende peke yao kamwe, na kaka wa miaka kumi na miwili si mlezi.

Kijana naye ajue haya. Akifika, atazame kwanza pa kutokea. Akae pembeni, mbali na jukwaa, wala asiegemee ukuta au uzio. Akianza kusukumwa bila hiari yake, aondoke mapema. Akibanwa, aikunje mikono mbele ya kifua ili apate pumzi, asishindane na wimbi la watu, bali kila linapotulia asogee kiupandeupande kuelekea pembeni. Kiatu au simu ikianguka, aiache. Akianguka yeye, na akashindwa kuinuka, alale ubavu, ajikunje na akinge kichwa.

Nanyi wenye kumbi, kila tiketi mnayouza baada ya ukumbi kujaa mtaulizwa habari yake.

Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 195, imetukataza kujitia wenyewe katika maangamizo. Mtume (s.a.w.) naye ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mchungaji wa Ngorongoro huhesabu mifugo yake jioni kabla ya kufunga zizi. Nasi, jioni ya Idd, tuwahesabu watoto wetu.

Allah atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.