Rusizi Isingoje Kigali

Ndugu zangu wa Rusizi, Aprili 2021 serikali yetu ya Rwanda iliondoa ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani kwenye magari na pikipiki za umeme, pamoja na betri na mitambo ya kuchajia. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria haisajiliwi Kigali kama si ya umeme. Motari wa huko, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, betri ikiisha huingia kituoni, huacha iliyokwisha, hupewa iliyojaa, akaendelea na kazi. Sera ilishusha gharama, na watu wakafuata hesabu ya mfukoni. Na pikipiki ya umeme haitoi moshi.

Kamembe, mji wetu wa Rusizi, nao udai haki yake. Umeme tunao mlangoni: kwenye mto Rusizi, bwawa la Rusizi ya Kwanza linazalisha tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, la Pili tangu 1989, na Rwanda, Burundi na Kongo zimepanga la Tatu, la megawati 206. Petroli, kwa upande wake, hutoka bandari za Bahari ya Hindi, ikapandishwa milima hadi ng'ambo ya msitu wa Nyungwe, ndipo itufikie sisi.

Lakini pikipiki peke yake haitoshi kupunguza hewa ukaa. Katika wilaya hii hii ulijengwa mtambo wa Gishoma, megawati 15, wa kuchoma nyiramugengeri, ule udongo mweusi wa mabonde yenye maji uliohifadhi kaboni kwa maelfu ya miaka. Na Bugarama kuna kiwanda cha saruji. Mawe ya chokaa yakichomwa hutoa hewa ukaa yenyewe, mbali na ile ya moto unaoyachoma. Ndiyo maana ubunifu unaohitajika pale ni wa kupunguza klinka, yaani zao la kuchoma mawe hayo, na kuongeza udongo uliochomwa au majivu ya volkano. Hapo msamaha wa kodi ya betri haufiki. Rwanda iliahidi mwaka 2020 kupunguza gesi joto kwa asilimia 38 ifikapo 2030, kulinganisha na ambako ingefika bila hatua yoyote. Ahadi hiyo inapitia Bugarama pia.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, umuganda, kazi yetu ya pamoja ya jamii, ukiisha na mkutano ukianza, tusiondoke mapema. Mamotari, ulizeni vituo vya betri vya Kamembe vitakuwa vingapi na lini. Mafundi ujenzi, ulizeni saruji yenye klinka kidogo. Wazazi, wapelekeni vijana wakasomee umeme na betri. Madiwani, andikeni maswali haya kwenye mpango wa wilaya, nasi tutarudi kuyafuatilia.