Anayeanza Gitaa Aanze na Sikio

Kijana anayejifunza gitaa leo ana nyenzo ambazo waliomtangulia hawakuwa nazo. Simu inamwonyesha kama nyuzi zimekaa sawa, video inamwonyesha vidole vikae wapi, na maneno ya wimbo humjia yakiwa yameandikiwa kodi, yaani sauti kadhaa za kupigwa pamoja, juu yake. Miezi michache baadaye anapiga nyimbo kadhaa bila kusita. Lakini mwimbaji akiomba wimbo ushushwe kidogo ulingane na sauti yake, au mtu akianzisha wimbo ambao haumo kwenye simu, mikono husimama. Vidole vimefundishwa, sikio halijafundishwa. Makala hii inatetea utaratibu mwingine: sikio lipewe kazi tangu somo la kwanza.

Muziki wetu wa gitaa ulijengwa hivyo. Kuanzia miaka ya 1930, santuri za mfululizo ulioitwa GV zilisambaza muziki wa Kuba katika miji ya Afrika, na wanamuziki wa Kongo na Afrika Mashariki wakaziiga kwa kusikiliza, sindano ikirudishwa mwanzo tena na tena. Mwaka 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville nchini Kongo, mji ambao leo ni Likasi. Mwenda alikuwa kijana aliyeimba kwa Kiswahili huku kidole gumba kikishika besi na cha shahada kikicheza juu yake. Upigaji wake ulipochambuliwa kwa noti na mtafiti David Rycroft mwanzoni mwa miaka ya 1960, wapigaji wengi walikuwa wameshaufuata kwa masikio. Mbaraka Mwinshehe wa bendi ya Morogoro Jazz naye aliacha solo ambazo hadi leo vijana hujifunza kwa kuzisikiliza.

Wapo wanaosema sikio ni kipaji cha kuzaliwa nacho. Tunakataa. Uwezo wa kutaja noti bila kuilinganisha na nyingine ni adimu kweli, ila mpiga gitaa hauhitaji. Anachohitaji ni kutambua umbali kati ya sauti moja na nyingine, na hilo hufundishika. Ushahidi uko makanisani kwetu: wanakwaya wasio na kinanda nyumbani wanaimba sauti nne kwa solfa, na mwimbaji wa besi anajua bila kuambiwa wimbo unapotoka do kwenda fa, kisha so. Mpeni mwimbaji huyo gitaa. Wimbo ukiwa katika G, do yake ni G, fa ni C, so ni D. Tayari ana kodi tatu zinazobeba nyimbo nyingi anazozijua.

Somo la kwanza la sikio ni kutyuni. Bana uzi wa sita kwenye freti ya tano, uupige pamoja na uzi wa tano ulio wazi. Sauti zinapaswa kuwa moja. Zikikaribiana bila kukutana, utasikia sauti ikiyumba, ikivimba na kufifia kwa zamu. Kuyumba huko kuna hesabu: uzi wa tano ukitetema mara 110 kwa sekunde na ule wa sita uliobanwa mara 107, sauti itavimba mara tatu kila sekunde. Kaza uzi wa sita taratibu na kuyumba kutapungua kasi, kukitoweka, umefika. Endelea hivyo hadi uzi wa kwanza, ukikumbuka kwamba uzi wa tatu hubanwa freti ya nne ili ulingane na wa pili. Anayetyuni hivi kila siku anafundisha sikio lake kabla hajapiga wimbo wowote.

Somo la pili ni la kidole kimoja. Shika kodi ya E meja, piga, kisha inua kidole kilicho kwenye uzi wa tatu, freti ya kwanza. Kodi imegeuka E maina. Noti moja tu imeshuka kwa freti moja, na hali nzima ya wimbo imebadilika. Mwanafunzi afumbe macho, mwenzake apige moja kati ya hizo mbili, naye aseme ni ipi. Asiendelee na kodi nyingine mpaka ajibu bila kubahatisha.

Hatusemi simu itupwe. Ukumbini penye kelele, chombo cha kutyuni humwokoa mpigaji, na video nzuri hufupisha safari. Tunachotaka ni zamu ibadilike: mwanafunzi atyuni kwa sikio kwanza, kisha simu imsahihishe, autafute wimbo mwenyewe kwanza, kisha kodi zilizoandikwa zimwambie alipokosea.

Kwa hiyo tunawaomba walimu: katika mwezi wa kwanza, kabla ya kumchorea mwanafunzi kodi, mwambieni aimbe do ya wimbo anaoupenda, kisha aitafute kwenye uzi mmoja. Nawe msomaji unayeanza, chagua wimbo mmoja unaoujua tangu utotoni, zima video, uimbe polepole huku ukiisaka besi yake kwenye uzi wa sita. Ukikosea, rudia. Usiufungue ukurasa wa kodi mpaka umeipata.