Msituambie V8 Inavuta Kila Kitu

Jumapili iliyopita spika za kanisa moja hapa mtaani kwetu Nyasho, ambazo hazimhurumii hata mgonjwa, zilinifikishia mahubiri nikiwa nyumbani kwangu nakunywa uji. Mchungaji alikuwa amechangamka kwelikweli. "Acheni kuwa Vitz!" akapaza sauti. "Kuweni V8! V8 haiulizi mzigo una uzito gani. Inafungwa tela, inaondoka!" Waumini wakaitikia amina, kinanda kikalia, na mimi uji ukanipalia.

Sina ugomvi na imani ya mtu. Nina ugomvi na hilo tela. Mchungaji hakulitunga mwenyewe; amelitoa vijiweni, kwenye mabenchi ya kahawa, gereji na kule Mwigobero mitumbwi inakotia nanga. Mji mzima umeamini kwamba ukishamiliki Land Cruiser ya dizeli, mambo ya uzito hayakuhusu tena. Boti ya faiba? Funga. Nondo za ghorofa? Funga. Jenereta la kiwanda? Funga tu, bwana, hiyo ni V8.

Uongo mtupu. Na wala sihitaji kumuita mtu anayeichukia V8 aje kunitolea ushahidi. Wanaonitosha ni Toyota wenyewe.

Land Cruiser 200, gari ambalo wengi wetu ndilo tunaloliita V8, lilitoka mwaka 2007. La dizeli lina injini ya lita 4.5, silinda nane, taabo mbili. Kwa vipimo vilivyotolewa kwa masoko kama Australia, linaruhusiwa kuvuta tela la hadi kilo 3,500. Hapo najua mashabiki mmeshaanza kupiga makofi. Yashusheni kwanza. Kilo 3,500 ni za tela lenye breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki mwisho wake ni kilo 750.

Someni tena taratibu. Gari ni lile lile. Injini ni ile ile, taabo ni zile zile mbili, dereva ni yule yule na miwani yake ya jua. Ondoa breki kwenye tela, na kilo 2,750 za ruhusa zinayeyuka. Kwa nini? Kwa sababu suala halijawahi kuwa nguvu ya kuondoka. Suala ni kusimama.

Kama bado unabisha, chukua Land Cruiser 300 iliyoingia mwaka 2021. Dizeli yake ina silinda sita, lita 3.3, na bado inaipita ile ya nane kwa nguvu ya kuzungusha. Je, kikomo cha tela kimepanda? Hata kilo moja hakijapanda. Ni 3,500 zile zile, na kwa tela lisilo na breki ni 750 zile zile. Wajapani wameongeza msuli lakini hawajaongeza mzigo, na nyinyi mnataka niamini benchi la kahawa linajua zaidi.

Sasa twende sokoni. Wiki hiyo hiyo ya mahubiri nilikuta V8 nyeupe imeegeshwa jirani na soko la Nyasho, nyuma yake tela limebeba boti ya faiba, inapelekwa kwenye vizimba vya samaki. Nikaliinamia. Ekseli ilikuwa ya pikapu kuukuu, imechomelewa chini ya fremu ya vyuma vya pembe. Bomba la breki lilikuwa limekatwa, na ncha yake imepondwa kwa nyundo ili isiingie vumbi. Taa hakuna. Mnyororo wa usalama, ule unaotakiwa kulishikilia tela likichomoka, nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na kamba ya manila, tena yenye fundo la zamani. Ndani ya boti walikuwa wamepanga nyavu, madumu ya mafuta na injini mbili za boti, vyote kwa nyuma, maana ndiko ilikuwa rahisi kupakilia.

Nikamuuliza mwenye gari tela linasimamishwa na nini. Akacheka. "Mzee wangu, hii ni V8." Jibu limeishia hapo. Nimemuuliza habari ya tela, ananijibu habari ya gari, kama mtu uliyemuuliza mkewe anaendeleaje akakutajia jina la shemeji yake.

Hatua chache kutoka hapo alikuwa kijana wa mkokoteni, amebeba magunia ya viazi. Huyu hana taabo wala silinda. Lakini nyuma ya mkokoteni wake amepigilia kipande cha tairi. Akifika mteremkoni anauinua mkokoteni kwa mbele, tairi linaburuzwa chini, mzigo unatulia. Amefunga breki kwenye kinachobeba mzigo! Hakwenda chuo kujifunza hilo. Alijifunza siku ya kwanza magunia yalipotaka kumpita. Halafu mwenye gari la mamilioni kwa mamilioni, mwenye kiyoyozi hadi siti ya nyuma, hajalifahamu jambo ambalo kijana wa viazi analijua akiwa na kandambili.

Nilipoitoa hoja hiyo kijiweni, mmoja akanitolea simu. "Mbona huku gari imevuta ndege?" Ni kweli imevuta. Mwaka 2006 Volkswagen Touareg ya dizeli ilivuta Boeing 747 huko Uingereza. Mwaka 2017 Porsche Cayenne ya dizeli, nayo ya silinda nane, ikavuta Airbus A380 ya tani 285 pale uwanja wa Charles de Gaulle, Paris. Umbali gani? Mita 42! Hizo ni hatua za kutoka kwa muuza vitumbua hadi kwa muuza mkaa. Tena kwenye sakafu iliyonyooka kama meza, bila bodaboda, bila mbuzi, bila basi la Mwanza linalokuja mbele yako na taa zake zote. Siku wakiivuta hiyo Airbus kutoka Bweri hadi Bunda, wakakutana na ng'ombe barabarani wakasimama, nitakwenda mwenyewe kuwaomba radhi. Kwa sasa niacheni.

Mwingine akasema, "Mungu atatulinda." Huyo simjibu. Huyo ndiye anayeandika maneno hayo kwenye kioo cha nyuma halafu hakagui hata upepo wa tairi.

Na hawa wenye V8 wana mambo mengine, kwa kuwa tumefika huku tuyaseme. Wanawasha taa kali mchana kweupe. Wanakupita penye mstari usiokatika kana kwamba mstari ule ulichorewa Vitz. Misibani wanaegesha mlangoni kabisa, jeneza linatafuta pa kupita. Misafara yao inakwenda Butiama, kwenye kaburi la Mwalimu, kuhutubia kuhusu maisha ya kujibana, injini zikiachwa zinanguruma nje ili kiyoyozi kisizimike. Sisi tulio pembeni tunameza vumbi na kusifia gari. Hapo ndipo imani hii ilipozaliwa: tumezoea kuona gari hili halisimamishwi na mtu, tukadhani halisimamishwi na chochote. Tela halijui cheo cha mtu.

Turudi kwenye ile boti. Tela zuri hupakiwa mzigo wake mzito mbele kidogo ya ekseli, ili karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote ilale kwenye chuma cha kufungia tela. Lile la sokoni lilipakiwa kinyume. Injini na madumu yakiwa nyuma, tela linainua matako ya gari, tairi za nyuma zinapungukiwa na mshiko, na ukifika mwendo wa barabara kuu tela linaanza kuyumba kushoto na kulia. Dereva asiyejua anakanyaga mafuta ili aukimbie mtikisiko, na mtikisiko unaongezeka. Hapo silinda nane zinamsaidia tu kufika haraka kwenye mtaro.

Hesabu ya mwendo nayo haina huruma. Ukitoka kilometa 40 kwa saa ukafika 80, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimaliza haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Mabasi na malori yetu yamewekewa mwisho wa kilometa 80. Mwenye V8 yeye na tela lake anaimba 120 baada ya Makutano. Akifika miteremko ya Balili, breki za gari peke yake ndizo zinazobeba gari, abiria, boti, injini na kiburi. Mpeleke huyo huyo mlima Kitonga kule Iringa, ambako madereva wa malori wanaingiza gia nzito tangu juu na kushuka kama wanaokwenda kuzika. Wale wana breki hadi tela la mwisho, na bado wanaogopa.

Ninayo sababu ya kukereka. Jirani yangu hapa alikuwa na shamba la mihogo kando ya barabara. Tela la V8 lilichomoka, likaingia shambani lenyewe bila dereva, likafyeka mihogo na kumuua mbuzi mwenye mimba. Walipokusanyika watu, mabishano yalikuwa juu ya bei ya mbuzi. Hakuna aliyeuliza ile kamba ya manila iliruhusiwa na nani, wala fundi aliyechomelea chuma kile alijifunzia wapi. Mwenye gari akalipa, akafunga tela tena kwa kamba mpya, akaondoka, na vijana wakabaki wanasema: umeona lakini V8 haikutikisika?

Kwa hiyo nasema hivi kwa mafundi wa kuchomelea: mteja akikuletea ekseli ya pikapu akuombe tela, usilikate bomba la breki, mwambie bei ya kuliunganisha, na akikataa mwache aende. Kwa askari wa usalama barabarani: mnapomsimamisha kijana wa bodaboda kwa kofia ngumu, geuzeni shingo pia mtazame kinachoburuzwa nyuma ya gari nyeupe, hata kama aliyeketi ndani anajuana na mkubwa wenu. Na kwa wewe mwenye V8: kama tela lako halina breki na pamoja na mzigo wake linapita kilo 750, huna gari la kulivuta. Kodi Fuso.