Likizo ya Siku Tano: Migori, Homa Bay, au Kote Kuwili?



Wahenga walituachia neno: mshika mbili, moja humponyoka. Neno hili lilikaa katikati ya mkeka wetu kwa majuma mawili kabla ya likizo fupi ya katikati ya muhula uliopita, kila mmoja akilivuta upande wake. Juma hili tumeona tuwasimulie yaliyotupata, kwani kina mama kadhaa wametuuliza swali lile lile kwa namna mbalimbali: siku zikiwa chache na jamaa wametawanyika, yafaa kuigawa likizo baina ya mahali pawili, au yafaa kuchagua pamoja na kutulia?

Kwetu sisi swali lilikuwa na nyuso mbili. Katika mji wa Migori yuko ndugu yetu mdogo, mwalimu, aliyeolewa huko na sasa ana watoto wawili. Kwa miaka mitatu hapana hata mmoja wetu kutoka Mombasa aliyevuka kizingiti chake. Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay, yuko shangazi yetu, dada mkubwa wa marehemu baba. Aliolewa huko angali msichana, akazaa, akafiwa na mume, akabaki. Umri wake sasa umepita miaka themanini, macho yamefifia, na safari ya kuja pwani haiwezi tena.

Siku zetu zilikuwa tano, Jumatano hadi Jumapili, lakini siku za likizo si siku za kalenda. Jumatano yote ingeliwa na gari moshi la asubuhi hadi Nairobi, kisha basi la usiku kupitia Narok na Kisii. Jumapili yote ingeliwa na marejeo. Zilizobaki ni Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, yaani mausiku mawili tu ya kulala kitandani. Twawasihi mfanye hesabu hii kwanza kabla ya kubishana juu ya jambo lingine lolote, kwa kuwa watu wengi hugawa siku tano, kumbe walizo nazo ni tatu.

Hatukuanza kwa busara hiyo. Baba watoto alikuja na karatasi iliyoandikwa mahali sita. Mwanetu wa kiume, aliye gredi ya saba, alitaka Thimlich Ohinga, ngome ya mawe iliyoko kiasi cha kilomita 46 kaskazini magharibi ya mji wa Migori, iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2018. Alikuwa amesoma kuwa kuta zake, nyingine zenye urefu wa zaidi ya mita nne, zilipangwa jiwe juu ya jiwe bila udongo wala chokaa, na kwamba ujenzi huo ni wa karne ya kumi na sita. Binti yetu alitaka Hifadhi ya Ruma katika bonde la Lambwe, akawaone korongo, wale swala wakubwa ambao hapa Kenya wamesalia huko pekee. Baba mwenyewe alitaka kuvuka daraja la Mbita aingie kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya aliyeuawa Nairobi mwezi wa Julai 1969. Kila ombi lilikuwa jema. Tulipoyajumlisha yote, tukaona kwamba tungekuwa ndani ya gari kutwa kucha, na shangazi tungemsalimu mlangoni viatu vikiwa miguuni.

Mama yetu mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Mwaenda kuona watu, au kuhesabu vibao vya barabarani?”

Karatasi ikakunjwa. Ikabaki shauri la pili, nalo lilionekana jepesi: twende Kendu Bay tu, tukae hapo siku zote tatu, na ndugu yetu wa Migori atukute huko, kwani naye ni mwalimu na shule zimefungwa. Asiyeweza kusafiri afuatwe, anayeweza asafiri. Tukampigia simu tukiwa na hakika kwamba atafurahi.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, “Nitakuja, dada. Shangazi ana haki. Lakini majirani zangu hapa hunidhania sina kwao. Nyumba yangu mtaiona lini?”

Wasomaji, maneno hayo yalitukata. Tulikuwa tumemhesabu yeye kuwa mtu wa kuitwa kwa sababu ana nguvu na nauli, tukasahau kwamba mke aliyeolewa mbali hahitaji kuonana na jamaa zake tu. Huhitaji jamaa zake waonekane kwake: wale mezani pake, wamwamkie mkwewe, jirani apite aone viatu vya wageni mlangoni. Kuunga udugu kuna aina yake kwa kila mtu. Shangazi alihitaji muda wetu, na ndugu yetu alihitaji miguu yetu.

Hapo ndipo tulipoirudia ramani kwa macho mengine. Migori na Homa Bay zimepakana, na watu wazima wanakumbuka kwamba zamani zote mbili zilikuwa ndani ya wilaya moja ya Nyanza Kusini. Kutoka Kisii, njia kuu huteremka Rongo, Awendo hata Migori, na kuendelea mpaka Isebania penye mpaka wa Tanzania. Pale Rongo barabara nyingine hukata kulia kuelekea mji wa Homa Bay. Kutoka Homa Bay njia hufuata upande wa ziwa hadi Kendu Bay, na kutoka Kendu Bay waweza kupanda Oyugis ukarudi Kisii. Kumbe ilikuwa duara! Tukianza na Migori, ambako ni mbali zaidi, kila hatua baada ya hapo ingekuwa ya kurudi nyumbani, na hatungepita barabara moja mara mbili isipokuwa kipande cha Rongo. Tukianza na Kendu Bay, tungeshuka Migori kisha tuanze kupanda tena, na nusu ya Jumamosi ingepotea.

Basi tukakata shauri: Alhamisi na usiku wake Migori, Ijumaa alfajiri tuondoke, usiku wa pili na Jumamosi vyote viwe vya shangazi. Thimlich, Ruma na Rusinga zikafutwa. Binti alikubali upesi. Kijana hakukubali, na tusingependa kuwaficha kwamba alikaa kimya tangu Mombasa hadi Voi.

Ndugu yetu alikuwa amepika kwa siku mbili. Tulikuta pilau, ngege wa kukaanga, omena waliokaushwa vizuri, na mkeka mpya ambao bado ulikuwa na mikunjo ya dukani. Majirani waliingia mmoja mmoja kutuamkia, na kila aliyeingia, ndugu yetu alituonyesha kwa mkono wazi, “Hawa ndio watu wa kwetu.” Alilirudia neno hilo mara nyingi hata watoto wakaanza kumwiga.

Usiku tulipokuwa tukifunga mizigo, alituletea mkoba wake mwenyewe. Mumewe ameridhia, akasema, naye na watoto watafuatana nasi hadi Kendu Bay. Hapo ndipo tulipojua jambo ambalo hatukulijua kwa miaka mitatu: hakuwahi kumtembelea shangazi hata mara moja, ingawa safari hiyo ni ya asubuhi moja tu. Alikuwa akingoja mtu mzima wa kwao ampeleke na kumtambulisha, kwani aliolewa huko akiwa hamjui shangazi ila kwa jina. Naye shangazi alikuwa akingoja afuatwe. Sisi tulioko Mombasa tulikuwa tukiwafikiria wote wawili kama watu wa “huko bara”, tukidhani wanaonana kila juma.

Tuliwasili Kendu Bay wanaume wakaiwahi sala ya Ijumaa. Mji ule ni bandari ya kale. Meli za ziwani zilikuwa zikitia nanga hapo, na Uislamu una mizizi humo tangu zamani, hata mtu wa pwani akisikia adhana juu ya maji yale hujisahau akadhani yuko kwao. Shangazi alikuwa ukumbini. Alitupapasa nyuso zote moja baada ya nyingine akitaja majina. Alipofika kwa ndugu yetu alisita, akauliza, “Huyu ni wa nani?” Alipoambiwa, alimshika mkono, wala hakuuachilia mpaka chakula kilipoletwa.

Jumamosi asubuhi shangazi aliomba apelekwe hadi Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi lililo karibu na mji, lililoketi ndani ya shimo la volkano. Hakuweza kuliona, lakini alitaka kuwasimulia watoto akiwa kando yake. Wajaluo husimulia kwamba mahali hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja, watu wakiwa katika karamu, alifika bibi kizee msafiri akiomba hifadhi. Wakamfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja aliyemhurumia, naye akaambiwa atoke upesi. Mvua ikanyesha, na kijiji kikazama. Hiyo ni hadithi ya wazee, nasi hatuiti historia. Lakini kijana wetu, yule aliyenyimwa Thimlich, alikuwa ameushika mkono wa bibi ili asiteleze, akauliza, “Kwani walikuwa na shughuli gani kubwa hivyo?” Hapana mtu mzima aliyemjibu.

Je, mshika mbili humponyoka moja? Humponyoka, ikiwa anashika mahali. Lau tungeigawa likizo kwa ajili ya mandhari, tungekosa yote. Tuliigawa kwa ajili ya watu, na watu hawakuwa vitu viwili mikononi mwetu. Walikuwa wenyewe wana haja ya kushikana. Siku hizi ndugu yetu huenda Kendu Bay kila mwisho wa mwezi na watoto wake, nasi hupigiwa simu wakiwa pamoja.

Kwa mama anayepanga safari kama hii, twamwekea haya machache. Ukiwa na mausiku mawili, usilale mahali zaidi ya pawili. Anza na kulio mbali, urudi ukikaribia. Kabla ya kumwita jamaa aje alipo mwenzake, muulize kwanza kama hapendi yeye afuatwe. Upande wa ziwa malaria ni nyingi, basi chukueni vyandarua, na watoto wasiingie majini kwa miguu mitupu wala wasiogelee, kwa ajili ya kichocho. Chakula hakina tabu, kwani samaki wa ziwani ni halali. Nyama ndiyo ya kuuliza mchinjaji wake. Na kuhusu sala, kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata pwani, msafiri wa masafa kama haya anayekusudia kukaa mahali chini ya siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, bado yumo katika ruhusa ya kupunguza na kujumuisha. Mwenye shaka amuulize shekhe wa mtaa wake kabla ya kufunga mizigo.

Limebaki deni moja. Kijana wetu hajaiona ngome yake. Tumemwahidi likizo ya Agosti, ambayo ni ndefu, na safari hii ndugu yetu wa Migori ndiye atakayekuwa mwenyeji na kiongozi. Shangazi naye ametuma salamu kwamba Agosti ni mbali, tusimhesabie. Kwa hiyo, tukijaaliwa uhai, Thimlich itangoja kwanza tumwone yeye.

Tukutane juma lijalo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.