Mtaji wa jina na masikio ya punda

Gunia la mahindi likitoka Buwenge hushuka Jinja, likapita Iganga na Bugiri hadi mpakani Busia. Pale watu wanapoaminiana, mzigo huvuka kwa mali kauli: mnunuzi huchukua leo, hulipa akishauza. Mtaji wa biashara hiyo ni jina. Ndiyo maana sauti moja ikirushwa kwenye kundi la WhatsApp kwamba fulani anachanganya mahindi mabovu, mtu anaweza kukosa wateja kabla hajajua amesemwa nini.

Fitina ya namna hii ni ya kale. Mwaka 1565 Pieter Bruegel, msanii wa Nchi za Chini, yaani Uholanzi na Ubelgiji za leo, alichora kisa cha Apelles, mchoraji wa Wagiriki. Mwenzake mwenye wivu alimsingizia kwamba amemsaliti mfalme. Ukweli ulipobainika, kisa kinasema, Apelles alilipwa talanta 100 na msingiziaji akafanywa mtumwa wake. Katika kisa hicho Masingizio ni mwanamke anayemburuta kijana kwa nywele. Lakini wa kutazamwa zaidi ni mfalme: ana masikio kama ya punda, na Ujinga na Shuku wanamnong'oneza.

Mzushi aliadhibiwa, mfalme aliyeamini bila kuuliza alibaki kitini. Sokoni, mfalme huyo ni mnunuzi, wakala na kiongozi wa chama.

Wapo wanaosema sheria itatibu. Itatibu wapi? Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikataa kufuta kosa la jinai la kashfa. Februari 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ililifuta kosa kama hilo, ikiona kesi ya madai inatosha. Kwa hukumu hizo, neno lile lile liliweza kuwa jela upande mmoja wa Busia na fidia upande wa pili. Na kesi yoyote hudai wakili, nauli na siku za kufunga duka. Jela haimrudishi mteja.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Hata wenye mahindi safi waliumia. Lakini siku chache baadaye mpaka ulifunguliwa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Tuhuma yenye kipimo ina njia ya kujibiwa. Uzushi hauna.

Basi vyama vya wafanyabiashara vya pande zote mbili viwe na kanuni moja: jina la mtu lisitangazwe kabla hajaitwa, mzigo haujapimwa na risiti hazijaonekana. Mzushi akibainika, aombe radhi katika kundi lile lile alikochafua, na alipe hasara. Waliosambaza nao wasambaze sahihisho. Kanuni hiyo imlinde mnunuzi pia: mwenye mahindi mabovu asijifiche nyuma ya neno fitina. Apimwe.

Hilo litachukua muda na vikao. Kwa leo, anayepokea sauti ya simu sokoni Buwenge ana jambo moja la kufanya kabla ya kuituma kwa wengine: ampigie anayesemwa.